Fedha Zivukapo Mto Lhubiriha

Msafiri atokaye mjini Kasese akielekea kusini huiacha milima ya Rwenzori upande wake wa kulia, na tambarare za Ziwa George upande wa kushoto. Juu ya miteremko ile ya kulia ndiko iliko Mahango, nchi ya migomba, mihogo na mikahawa, ambako nyumba zimeshikilia vilima na njia za miguu hupinda kufuata mabonde. Barabara kuu huukata mstari wa Ikweta karibu na Kikorongo. Hapo tawi lake moja hugeuka magharibi, likapita Kinyamaseke na Bwera, hata likafika Mpondwe penye daraja la Mto Lhubiriha. Ng'ambo ya daraja ni Kasindi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mto wenyewe si mpana. Hata hivyo, mtu auvukapo hukutana na mageuzi mengi kwa hatua chache. Saa yake hurudi nyuma saa nzima, maana saa nne ya asubuhi pale Bwera ni saa tatu pale Kasindi. Lugha ya ofisini huacha kuwa Kiingereza ikawa Kifaransa. Shilingi iliyokuwa na nguvu asubuhi katika soko la Bwera huanza kuulizwa maswali. Watu tu ndio wasiobadilika. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu, lugha zao husikilizana, na mpaka uliowekwa kwa mapatano ya wakoloni mwaka 1910 haukuweza kuukata undugu huo. Kiswahili nacho huvuka daraja kila siku bila ya kuonyesha pasi.

Kwa ajili ya undugu huo, na kwa ajili ya biashara, safari za kwenda ng'ambo hazina mwisho. Huyu anakwenda kumzika shangazi yake Beni. Yule anafuata mafuta ya mawese, vitenge au mbao. Mwingine anapeleka maharage, samaki au sabuni. Tangu mwisho wa Novemba 2021, majeshi ya Uganda na ya Kongo yalipoanza operesheni ya pamoja dhidi ya waasi wa ADF, familia nyingi za askari nazo zimejifunza kuyataja majina ya Beni na Butembo kama majina ya vijiji vya jirani. Wote hao, raia na askari, hulazimika kufanya jambo moja ambalo wengi hulifanya kwa haraka na bila kufikiri: kubadili fedha.

FEDHA TATU KATIKA SOKO MOJA

Karibu na daraja la Mpondwe, mgeni ataona watu wenye vibunda vya noti na mashine ndogo za hesabu wakiwaita wapitao. Hao ndio wavunja fedha. Mbele yao hukutana fedha tatu: shilingi ya Uganda, faranga ya Kongo, na dola ya Marekani. Dola haina mwenyewe hapo mpakani, lakini katika Kongo hutumika karibu katika kila jambo kubwa, kama vile kodi ya nyumba, karo, mizigo ya jumla na nauli za mbali. Faranga hubaki kuwa fedha ya mboga, mkate na nauli za karibu.

Wengine hudhani kwamba mambo haya yamekwisha, kwa kuwa Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. La, hayajaisha. Nchi za Jumuiya zilitia sahihi itifaki ya umoja wa fedha mwezi Novemba 2013, na fedha moja ilitazamiwa ifikapo mwaka 2024. Mwaka huo umepita, shabaha imesogezwa mbele, na kila nchi bado ina noti zake. Basi mwenye kuvuka Lhubiriha hana budi kuijua hesabu ya mvunja fedha kama anavyoijua bei ya chumvi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mvunja fedha ana bei mbili kwa kila fedha, bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Tofauti iliyo baina ya bei hizo ndiyo mshahara wake. Si dhambi wala si wizi. Yeye huweka mtaji wake, hukaa juani, na hujitia katika hatari ya noti bandia na ya kuibiwa. Lakini msafiri na afahamu kwamba mshahara huo unatoka mfukoni mwake yeye, na kwamba hulipwa kila mara fedha zibadilishwapo, hata kama hakuna neno "malipo" lililotamkwa.

Uchukuliwe mfano wa baba wa Mahango aliyeuza kahawa yake, akashuka na shilingi 740,000 kwenda kununua bidhaa ng'ambo. Bei za fedha hugeuka kila siku, kwa hiyo tarakimu zifuatazo ni za kufundishia hesabu tu. Tuseme dola moja huuzwa kwa shilingi 3,700 na hununuliwa kwa shilingi 3,600. Tuseme pia kwamba ng'ambo dola moja hununuliwa kwa faranga 2,250 na huuzwa kwa faranga 2,350.

Baba huyo anabadili shilingi zake zote, anapata dola 200. Anavuka, anazibadili dola zote, anapata faranga 450,000. Anafika sokoni na kukuta bidhaa alizozitaka zimekwisha. Anarudi mpakani jioni ile ile, bei zikiwa zile zile. Faranga zake 450,000 zinampa dola 191 na senti chache. Dola hizo zinampa shilingi zipatazo 689,000. Hakula, hakunywa, hakununua hata punje ya karanga, wala hakuna mwizi aliyemgusa. Hata hivyo zaidi ya shilingi 50,000 zimebaki darajani. Fedha zake zilibadilishwa mara nne, na kila mara zilitozwa.

Hilo ndilo jambo kubwa la kukumbuka katika habari hii yote. Miguu ya msafiri huvuka daraja bila kupungua. Fedha zake hazivuki hivyo. Mwenye busara hahesabu safari zake tu, bali huhesabu mara ngapi fedha zake zimegeuka.

MAFUNDISHO YA MIAKA ILIYOPITA

Yupo atakayesema kwamba, ili kuepuka hasara ya kubadili mara kwa mara, ni heri kuweka akiba nyumbani kwa fedha ya ng'ambo. Wazee wa pande zote mbili za mto wanayo majibu, nayo yameandikwa katika historia ya noti zenyewe.

Zamani kabla ya noti, chumvi ya Ziwa Katwe ndiyo iliyowaunganisha watu wa nchi hii katika biashara. Ilibebwa mbali na kubadilishwa kwa vyakula na bidhaa nyingine. Chumvi iliweza kulowa, lakini hakuna serikali iliyoweza kutangaza usiku mmoja kwamba chumvi si chumvi tena. Kwa noti imewezekana.

Mwaka 1967 Kongo iliiacha faranga ya zamani ikatoa fedha mpya iliyoitwa zaire, na zaire moja siku hizo ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Sehemu zake ndogo ziliitwa makuta, neno ambalo hata leo watu wa Kongo hulitumia kwa maana ya fedha. Mwezi Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilizifuta noti za zaire 5 na zaire 10, watu wakapewa siku chache tu za kuzibadili. Aliyekuwa na kibunda cha noti hizo mbali na benki, au upande wa pili wa mpaka, aliachiwa karatasi.

Yaliyofuata yalikuwa mazito zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1992 ilitolewa noti ya zaire milioni 5. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi, aliyekuwa akivutana na Mobutu, alitangaza kuwa noti hiyo si halali, na wenye maduka wakaikataa. Askari walikuwa wamelipwa mishahara kwa noti hiyo hiyo. Walipokwenda sokoni na kurudi mikono mitupu, wengine waliasi, na mwezi Januari 1993 mji wa Kinshasa ulitumbukia katika uporaji na umwagaji wa damu. Balozi wa Ufaransa alikuwa miongoni mwa waliouawa. Askari yeyote aisomaye habari hiyo ataelewa bila kuelezwa sana: tarakimu iliyochapwa juu ya noti si mshahara. Mshahara ni kile ambacho muuza unga atakubali kukupa kwa noti hiyo.

Mwaka huo huo wa 1993 ilitolewa zaire mpya, moja kwa kila zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 nayo ikaondolewa, faranga ikarudi, moja kwa kila zaire mpya 100,000. Mtu akipiga hesabu hiyo mpaka mwisho, ataona kwamba faranga moja ya mwaka 1998 ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za zamani.

Wala upande wa Uganda usijione umesalimika. Miaka ya 1970 shilingi ilidhoofika, na kahawa nyingi ilivuka mipaka kwa magendo kutafuta fedha yenye nguvu. Mwezi Mei 1987 shilingi mpya ilitolewa, moja kwa kila shilingi 100 za zamani, na asilimia 30 ikakatwa katika kubadilisha. Nyumba iliyokuwa na shilingi 100,000 chini ya godoro iliamka ikiwa na shilingi mpya 700. Mambo yalianza kutengemaa baadaye, na tangu mwaka 1990 maduka ya kubadilishia fedha yaliruhusiwa kisheria kufanya kazi waziwazi, yakitoza bei ya soko.

Fundisho ni kwamba fedha ya nchi ihifadhiwe na mtu aishiye katika nchi hiyo, aisikiaye redio yake na kuyajua matangazo ya serikali yake mapema. Anayekaa Mahango na kuficha faranga ndani ya chungu hulinda kitu asichoweza kusikia habari zake kwa wakati. Mfanyabiashara avukaye kila wiki ana udhuru. Kwake yeye faranga chache za kuzungushia ni chombo cha kazi, kama mizani. Lakini akiba ya karo, ya matibabu na ya mabati haifai kulazwa ng'ambo.

MAARIFA YA SAFARI

Kwanza, bei iulizwe kabla ya fedha kuonekana. Afadhali kuuliza mahali pawili au patatu, tena ziulizwe bei zote mbili, ya kununulia na ya kuuzia. Mvunja fedha mmoja hutaja faranga ngapi kwa shilingi 1,000, na mwingine hutaja shilingi ngapi kwa faranga 1,000. Asiyesikiliza vizuri huchukua mbaya akidhani ni nzuri. Upande wa Kongo tarakimu nyingi hutajwa kwa Kifaransa hata ndani ya mazungumzo ya Kiswahili. Hakuna aibu kumwambia mtu, "Ndugu, niandikie hapa," kisha hesabu ikapigwa kwa kalamu au kwa simu ya mwenye fedha mwenyewe.

Pili, ijulikane njia iliyo fupi. Kwa mfano wetu wa juu, shilingi 740,000 zikipitia dola zinatoa faranga 450,000. Mvunja fedha mwingine akikubali kuzibadili moja kwa moja kwa faranga 615 kila shilingi 1,000, zitatoka faranga 455,100. Tofauti ya faranga 5,100 ni chakula cha njiani. Siku nyingine njia ya dola ndiyo itakayokuwa bora. Kalamu ndiyo itakayoamua, si mazoea.

Tatu, kibadilishwe kile tu kitakachotumika. Mtu aendaye mazishini kwa siku tatu anahitaji nauli, chakula na rambirambi. Hana haja ya kuigeuza mali yake yote. Faranga zinazobaki siku ya kurudi ni heri zinunue dumu la mawese au kitu kingine cha nyumbani kabla ya kuvuka, kuliko kuuzwa tena kwa hasara.

Nne, noti zikaguliwe moja moja. Katika Kongo dola iliyopasuka hata kwa upana wa ukucha hukataliwa mara nyingi. Noti za zamani na zile za dola 1 hupata tabu. Katika maduka ya Uganda nako, noti za dola 50 na 100 zilizo safi kwa kawaida hupata bei nzuri kuliko noti ndogo au zilizochakaa. Anayepokea dola 100 ya toleo lililoanza kutumika Oktoba 2013 aitazame ule utepe wa buluu uliofumwa ndani ya karatasi. Anayepokea shilingi aiinue noti kwenye mwanga, aitafute sura ya korongo mwenye taji na ule uzi wa usalama. Noti yenye kasoro irudishwe pale pale, maana akishageuka mgongo, hakuna atakayekiri kuwa aliitoa yeye.

Tano, mahali pawe pa wazi na halali. Duka lenye leseni ya Benki ya Uganda lina jina, lina mlango na hutoa stakabadhi. Likikosea, lina pa kushitakiwa. Mtu wa njiani akikosea, hutoweka katika umati wa soko. Fedha zihesabiwe mezani na mwenyewe, noti zikiwa zimekunjuliwa, kwani noti iliyokunjwa katikati huweza kuhesabiwa mara mbili. Mvunja fedha akizirudisha mikononi mwake ati "kuhakikisha", zihesabiwe upya tangu mwanzo. Na anayehimiza haraka, akisema polisi wanakuja au bei inashuka sasa hivi, aachwe na haraka yake.

Sita, sheria ya forodha iheshimiwe. Katika Uganda, mwenye kuvusha fedha zizidizo shilingi milioni 30, au thamani iliyo sawa na hiyo kwa fedha ya kigeni, anapaswa kuzitangaza. Wengi hawafikii kiasi hicho, lakini wachangao fedha za kikundi na kumtuma mtu mmoja huweza kukifikia bila kujua.

Hapa pafaa neno moja kwa wavaao sare. Sare haibadili bei ya dola. Askari au polisi amlazimishaye mvunja fedha kumpa bei ya upendeleo hujipatia shilingi chache leo, na kesho raia wote wa mpakani hulipa gharama ya uonevu ule, kwa sababu mvunja fedha atairudisha hasara yake kwa mama muuza nyanya. Kinyume chake, askari aulizaye bei, ahesabuye na kudai stakabadhi mbele ya watu, huwafundisha wengi bila kuhutubu.

DAFTARI LA NYUMBANI

Jambo hili halimalizikii darajani. Linamalizikia nyumbani, mezani pa jioni, ambapo mume na mke huulizana fedha zimekwenda wapi. Mara nyingi ugomvi huzuka kwa kuwa aliyesafiri hawezi kueleza. Aliondoka na laki saba, akarudi na bidhaa za laki sita na nusu, na hakuna aliyeiba. Mke hushuku, mume hukasirika, na watoto husikiliza. Laiti pangekuwa na daftari, lingesema lenyewe.

Daftari la kurasa chache latosha. Ziandikwe tarehe, kiasi kilichotolewa, fedha iliyopokelewa, bei iliyotumika na jina la duka. Baada ya safari tatu, familia itaona wazi ni mara ngapi fedha ziligeuzwa bila ya haja, na ni mahali gani palipotoa bei nzuri. Itaona pia kama biashara ya ng'ambo ina faida ya kweli, au kama faida yote hubaki mikononi mwa wavunja fedha. Siku hizi, fedha za karo zaweza kubaki katika benki au katika simu, huduma iliyoenea Uganda tangu mwaka 2009, na msafiri akavuka na kile tu cha safari. Mwenye nyumba akipatwa na jambo njiani, karo haikupatwa nalo.

Maji ya Lhubiriha hushuka kutoka Rwenzori usiku na mchana, na milima haijali nani anatawala upande upi wala noti ipi imefutwa. Watu wa Mahango na wa Bwera wataendelea kushuka na kahawa yao, wataendelea kuvuka kuwazika ndugu zao na kuwaoza binti zao. Hakuna atakayewazuia, wala haifai wazuiwe. Linalotakiwa ni kwamba jasho la msimu mzima lisiyeyuke katika robo saa ya haraka penye kichwa cha daraja. Wahenga walilisema kwa ufupi: mali bila daftari huisha bila habari.